Nyota Ndani ya Jicho la Suli

Mjukuu wangu Suli akicheza gololi hufumba jicho la kulia akalenga kwa la kushoto. Nalijua hilo kwa sababu baraza yetu ya Mji Mkongwe inaelekea kichochoro wanachochezea, na mimi nikishafunga duka jioni sina kazi ila kunywa kahawa na kuangalia nani anamdhulumu nani. Siku moja ya mwezi wa Juni nikamwona amefumba la kushoto. Akakosa. Akabadilisha, akafumba la kulia kama ada yake, gololi ikagonga ukuta na wenzake wakamcheka. Akarudi tena kwenye mtindo ule mpya. Nikasema moyoni, mtoto anajifunza ufundi. Nikamwita muuza kahawa aniongeze kikombe.

Mimi ni fundi wa miwani. Miaka 31 nimekaa nyuma ya meza moja karibu na Darajani, nikipima macho, nikikata vioo na kukaza skrubu ndogo ambazo sasa mwenyewe sizioni bila ya miwani. Watu huniita daktari, na mimi huwakataza, ila siwakatazi kwa sauti kubwa. Kwa hiyo aibu ya kisa hiki naibeba mwenyewe kabla ya kumtwisha mtu mwingine.

Wiki ile ile mama yake akaniambia mtoto anamwaga chai. Kijana wa miaka 9, birika mkononi na kikombe mbele yake, chai inakwenda mkekani. Na chuoni ustadhi amelalamika kwamba siku hizi akisoma anapinda shingo kama kuku anayekunywa maji. Bibi yake akasema kapigwa jicho la husuda, kwani si punde alikuwa amehitimu juzuu na watu walimsifu kupita kiasi. Mimi nikasema, mleteni dukani.

Akaja na dada yake. Nikamtanguliza dada, naye akausoma ubao wa herufi kwa sauti mpaka chini, Suli kasimama pembeni anasikiliza. Ilipofika zamu yake nikamwambia afunike jicho la kulia. Akalifunika kwa kiganja chake mwenyewe, vidole vimeachana kama ua la makuti lililozeeka. Akasoma mpaka mstari wa 6 kwa 6 bila kusita. Jicho la pili, vivyo hivyo. Nikampigia simu mama yake: macho mazima, mtoto ana haraka tu ya kwenda kucheza. Sikuona kwamba alikuwa akichungulia kwa jicho zima katikati ya vidole, na pale alipokwama alikuwa na sauti ya dada yake masikioni. Wala hakuwa akinidanganya. Mtoto akiambiwa asome, husoma. Kwa jicho lipi, hilo ni shauri la mpimaji.

Zikapita siku nne. Baada ya magharibi amekaa nami barazani, akanyoosha mkono kuchukua kashata, vidole vikaangukia ukingo wa sahani. Akapapasa kidogo ndipo akaipata. Safari hii nikaweka kiganja changu mimi juu ya jicho lake la kulia, nikakibana mpaka kwenye pua.

"Unaniona?"

"Nakuona, babu. Naona masikio yako na kofia. Pua ndiyo siioni."

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa. Nilidhani limechoka."

Hakuwa na maumivu. Jicho halikuwa jekundu wala halina tongotongo. Ukimtazama huoni kitu, na yeye mwenyewe macho yote mawili yakiwa wazi haoni kasoro, maana ubongo huchukua picha kwenye jicho zima na lile bovu ukaliacha. Kinachopotea ni kujua kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, na ndiyo maana ya chai mkekani. Mtu mzima angeshtuka siku ya kwanza. Mtoto hulichukua tatizo kama anavyochukua viatu vinavyobana: anatembea nalo.

Nikaingia ndani nikatoa kifuniko chekundu cha chupa ya soda. Kwa jicho la kulia akasema chekundu. Kwa la kushoto akafikiri kidogo, akasema, "Kama chekundu kilichofuliwa sana." Nikachukua tochi. Mboni zetu mbili huenda pamoja, ukimulika moja zote hujikaza. Nikamulika la kulia, zikajikaza. Nikaihamisha tochi haraka kwenye la kushoto, na badala ya kubaki ndogo, mboni ikafunguka taratibu mbele ya mwanga kana kwamba nimezima taa. Mwanga unaingia lakini habari zake hazifiki. Hapo ndipo mikono iliponiingia baridi. Miwani hunyoosha njia ya mwanga basi. Mshipa wa fahamu unaoipeleka picha kwenye ubongo ukiwa mgonjwa, hata ukivaa vioo vya duka zima havitakufaa kitu.

Tukapanda boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam.

Daktari wa macho aliyetupokea alikuwa binti wa rika la mwanangu wa mwisho. Akaniamkia, akamtia Suli matone ya kupanua mboni, tukangoja, kisha akamtazama ndani ya macho kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akafanya jambo nililoliona la ajabu: akampima presha. Mtoto wa miaka 9! Akanieleza kwamba presha kubwa sana huweza kuvimbisha macho kwa ndani hata kwa mtoto, na yeye hapendi kukisia kabla hajaondoa lile la hatari. Presha ikawa nzuri.

"Mzee," akasema, "kichwa cha mshipa wa jicho la kushoto kimevimba. Nyumbani kwenu kuna paka?"

Nikacheka. Kumwuliza mtu wa Mji Mkongwe kama kwao kuna paka ni kumwuliza kama kwao kuna ukuta. Ila yeye hakucheka. Akamkunja Suli mkono wa shati, na pale juu kidogo ya kiwiko cha kushoto palikuwa na mistari mitatu ya kahawia. Akaingiza vidole kwapani, mtoto akaruka. Mtoki wa ukubwa wa yai la njiwa.

Paka mwenyewe anaitwa Dagaa. Suli alimtoa chini ya meza za wauza samaki Darajani mwezi wa Aprili, mvua za masika zinapiga, kitoto cha paka kinachoenea kwenye kofia. Kilikuwa na viroboto mpaka ukikipapasa unasikia kitu kinatembea. Mapema Mei kikamparura wakicheza. Kiasi cha wiki moja baadaye vikatoka vipele viwili vitatu kwenye mparuro, mama yake akadhani ni mbu. Mwisho wa Mei ukaja mtoki, na homa ya siku tano. Zahanati moja wakampima malaria, hana. Wakasema huenda ni jipu linataka kuiva, wakampa dawa ya homa. Bibi yake akaukanda mtoki kwa maji ya moto. Siwalaumu wale wa zahanati, na bibi yake simlaumu kwa sababu nataka kuendelea kula kwangu. Mtoki kwa mtoto mchezaji ni jambo la kila siku. Ila hakuna aliyeuunganisha mparuro na mtoki, na jicho lilipofuata hakuna aliyeliunganisha na vyote viwili. Mimi nilikuwa na kahawa mkononi.

Daktari akanichorea kwenye karatasi. Ugonjwa huu, homa ya mparuro wa paka, huletwa na bakteria aitwaye Bartonella henselae. Makazi yake ni damu ya paka, hasa paka wadogo wasiotimiza mwaka, na paka mwenyewe kwa kawaida haumwi: anakula, anacheza, analala juu ya nguo zako zilizopigwa pasi. Anayemtoa bakteria kwa paka huyu akampeleka kwa yule ni kiroboto. Kiroboto hunywa damu, bakteria huzaliana tumboni mwake, kisha hutoka na kinyesi chake, zile punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa ambazo umeziona kwenye manyoya. Paka akijikuna, uchafu ule hukwama chini ya makucha. Siku akikuparura, anakuwa amekuchanja nao. Kwa hiyo ukucha ni sindano tu. Dawa ya ndani ya sindano, au tuseme sumu, ni ya kiroboto.

Watoto wengi huishia hapo: kipele, mtoki, homa kidogo, na baada ya wiki kadhaa au miezi miwili mitatu mtoki hunywea wenyewe. Ugonjwa wenyewe hauambukizi kutoka mtu kwa mtu. Watafiti wa Marekani waliopitia kumbukumbu za bima za afya za mwaka 2005 hadi 2013 walikadiria kwamba nchini mwao watu 12,000 kwa mwaka huambiwa na daktari wana ugonjwa huu, na 500 hulazwa. Wengi zaidi walikuwa watoto wa miaka 5 hadi 9, na majimbo yaliyoongoza ni yale ya kusini. Nilipoelezwa hivyo sikuhitaji ufafanuzi. Kiroboto hupenda joto na unyevu, na asiyejua joto na unyevu aje Unguja mwezi wa Machi.

Ila mara chache bakteria husafiri na damu na kufika kwenye jicho. Katika wagonjwa 100, mmoja au wawili hupatwa na hili lililompata Suli: mshipa wa fahamu wa jicho huvimba pale unapoingia, na vijishipa vya damu vilivyo juu yake huanza kuvuja. Mara nyingi ni jicho moja tu. Kuona hufifia katikati, rangi hupauka, na yote hayo bila ya maumivu.

"Rudini baada ya siku 10," daktari akasema. "Kama ni hilo ninalolidhani, itatoka nyota."

Nilidhani kaingia kwenye mambo ya falaki. Akatoa damu ya kupelekwa nje ya nchi, hakutaka kungoja majibu, akatuandikia dawa siku ile ile.

Tuliporudi, akapiga picha ya ndani ya jicho na kutuonyesha kwenye skrini. Mimi katika miaka yangu yote nimeyaona macho kwa nje. Ndani ni kama mwezi mpevu wa rangi ya chungwa, wenye mito myekundu. Na pale kwenye makula, lile doa la katikati tunalosomea na kutambulia nyuso, ilikuwepo nyota. Miale ya manjano nyembamba, imenyooka, imetoka katikati kwenda kila upande, isipokuwa upande mmoja haujakamilika bado. Suli akaitazama kwa jicho lake zima akasema, "Nzuri." Na wallahi ilikuwa nzuri.

Kwa nini nyota, si doa la mviringo au tope tu? Nilimwuliza, kwa kuwa hilo ni swali la fundi. Akasema nyuzi za retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, pale katikati zimelala zikitoka kwenye kitovu kama miti ya mwavuli. Maji yanayovuja kwenye mshipa hupenya kati ya nyuzi hizo. Baadaye mwili huyanyonya maji, lakini mafuta yaliyokuwa ndani yake hubaki yamekauka kwenye mifereji ile ile. Mtu aliyewahi kuona mwamba wa pwani baada ya maji kupwa na jua kuwaka anajua: maji yamekwenda, chumvi imebaki katika kila ufa, na ufa ndio unaoichora. Kwa hiyo nyota ni alama ya maji yaliyoanza kukauka. Inatisha kuitazama, nayo ni dalili kwamba kuvuja kunapungua. Ndiyo maana siku ya kwanza haikuwepo. Kwa kawaida huja wiki moja mbili baada ya uvimbe, na hukaa miezi.

Ikitokea nyota, daktari hukumbuka magonjwa mengine pia: presha, kaswende, kifua kikuu, na vijidudu vingine vinavyotoka kwa paka kwa njia ya kinyesi chake. Akamchunguza Suli yote hayo. Majibu ya damu yalipofika, kipimo cha bartonela kilikuwa 1 kwa 512. Akasema kuanzia 1 kwa 256 huwa ni ishara kubwa ya maambukizo ya karibuni.

Nilirudi nyumbani na maswali, na kwa kuwa mchana dukani wateja ni wachache, nikasoma. Nyota hii ilielezwa na Mjerumani Theodor Leber mwaka 1916, akiwa mzee, naye aliamini kwamba ugonjwa uko kwenye retina yenyewe. Ikachukua miaka 61 mpaka Mmarekani Donald Gass, mwaka 1977, aonyeshe kwamba makula haina kosa, kinachovuja ni mshipa wa jirani. Huko Paris nako Henri Parinaud alikuwa ameeleza mwaka 1889 macho mekundu yanayoambukizwa na wanyama. Robert Debré, Mfaransa vilevile, akaandika mwaka 1950 juu ya ugonjwa wa makucha ya paka. Kila mmoja ameshika kipande chake. Bakteria mwenyewe hakuonekana kwenye hadubini mpaka mwaka 1983, ndani ya mitoki ya wagonjwa, na hata hapo akasingiziwa mwingine: bakteria mmoja akapewa jina la paka kabisa, Afipia felis, akabeba lawama miaka kadhaa. Mwaka 1992 ndipo vipimo vya damu vilipomfichua mwenye kosa. Neno henselae ni kumbukumbu ya Diane Hensel, fundi wa maabara wa Oklahoma. Sitaficha kwamba hilo lilinifurahisha. Si daktari, si profesa. Fundi.

Yale macho mekundu ya Parinaud nayo yanastahili maneno mawili, maana ndiyo sura ya kawaida zaidi ya ugonjwa huu machoni, kiasi cha wagonjwa 5 katika 100. Hapo bakteria hakupita kwenye damu. Mtoto ameshika paka, akafikicha jicho kwa mkono wenye uchafu wa kiroboto. Jicho moja huwa jekundu, linatoa machozi, ukigeuza kope unaona kijipele cha nyama ndani yake, na mbele ya sikio la upande huo huo unatokea mtoki. Huo mtoki wa mbele ya sikio ndio wa kuutafuta kwa kidole. Macho mekundu yanayopita mitaani kila mwaka mara nyingi huhama kutoka jicho hadi jicho na kutoka mtoto hadi mtoto. Haya ya paka hukaa jicho moja na hayaendi kwa ndugu zake. Na tafadhali, msimtie mtoto maziwa ya mama machoni, wala matone yaliyobaki kwenye kichupa cha jirani. Nimeona dukani kwangu macho yaliyofika kwa ugonjwa mdogo yakaharibiwa na huruma ya majirani.

Dawa za Suli zilikuwa mbili, doksisaiklini na rifampisini, kwa wiki sita. Za vidonge, kwa sababu matone ya juu hayafiki kule nyuma kwenye mshipa. Daktari alisema kwa watoto walio chini ya miaka 8 wengi huchagua dawa nyingine badala ya doksisaiklini, kwa kuchelea meno yao, na azithromaisini ni mojawapo. Akanitahadharisha na jambo ambalo mimi nikasahau kuwapa habari wenzangu nyumbani. Siku ya pili mama yake Suli akapiga ukelele chooni: mkojo wa mtoto una rangi ya chungwa. Rifampisini hufanya hivyo, hata machozi na jasho hubadilika. Likaja la pili: shangazi yake, ambaye amewahi kuuguza, akalitambua jina la dawa. "Hii ni ya kifua kikuu! Mnatuficha nini?" Ikabidi nikae kitako niwaeleze kwamba dawa moja yaweza kuwa na kazi mbili, kama panga. Ile doksisaiklini nayo ina masharti yake: glasi nzima ya maji, usilale papo hapo, usiinywe na maziwa, na jua la mchana lisikupige sana. Kumzuia mtoto wa Unguja asipigwe na jua ni kazi iliyomshinda bibi, ikanishinda na mimi.

Nilimwuliza daktari ingekuwaje tusingekwenda. Akanijibu kwa uaminifu ambao sikuuzoea. Wengi hurudishiwa macho yao hata bila ya dawa, akasema, na hakuna majaribio makubwa yaliyothibitisha kwamba dawa hizi huokoa jicho. Wapo madaktari wanaongeza dawa za kupunguza uvimbe na wapo wasioongeza. "Lakini wapo wachache ambao mshipa hunyauka, jicho likabaki na giza katikati. Simjui mapema nani atakuwa katika wachache hao. Kwa hiyo namtibu kila mmoja." Na kwa mtoto mdogo kuna hatari nyingine ambayo mimi naijua vizuri kuliko zote, kwani ndiyo inayoniletea wateja waliochelewa: jicho lisilotumika wakati ubongo bado unajifunza kuona huachwa. Huzembea. Mshipa ukipona baadaye, ubongo umeshazoea kuishi bila yake.

Suli alianza na 6 kwa 60, yaani herufi ile moja kubwa ya juu kabisa na basi. Wiki ya tano akafika 6 kwa 24. Mwezi wa tatu, 6 kwa 9. Pua yangu ilirudi polepole. Alinitangazia mwenyewe kwamba sasa anaona upande wake mmoja. Nyota ilififia mpaka Disemba ikabaki vumbi. Nyekundu ya jicho la kushoto bado haijalingana na ya kulia, na daktari anasema huenda ikabaki hivyo. Kwenye gololi amerudi kufumba la kulia, tena bila ya kufikiri.

Sasa Dagaa. Habari za paka zilifika nyumbani kabla yetu, na mjomba wa Suli alikuwa ameshatafuta gunia. Mpango ulikuwa wa kumtupa mtaa wa Malindi usiku. Nyumba ikagawanyika. Wako waliomtaja sahaba Abu Huraira, ambaye jina lake lenyewe limetokana na kipaka, na wako waliosema Abu Huraira hakuwa na mjukuu aliyepofuka jicho. Mimi nilisema la kifundi. Ukimtupa Dagaa, kesho Suli ataleta mwingine kutoka chini ya meza ile ile, mdogo zaidi, mwenye viroboto zaidi. Dagaa akikua, nafasi ya kuwa na bakteria huyu inapungua. Mwenye kufukuzwa ni kiroboto.

Tulianza na kitana cha meno yaliyobanana juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Punje nyeusi zikianguka na kutoa wekundu kwenye maji, hicho ni kinyesi cha kiroboto, ni damu iliyokauka. Siku ya kwanza karatasi iligeuka kama imemwagiwa chai. Kisha tukaenda kwa daktari wa mifugo kuchukua dawa ya paka. Nasisitiza ya paka: dawa za mbwa zenye permethrini humuua paka, na kuna watu wazima wenye akili zao wanaomnyunyizia paka unga wa dawa ya ng'ombe. Mkeka anaolalia tukaufua kwa maji ya moto na kuuanika juani, nyufa za sakafu zikafagiliwa kila siku, kwa sababu mayai na vitoto vya viroboto vimo humo kuliko vilivyo juu ya paka. Ncha za kucha zake nazikata mwenyewe, kwa kikatio cha dukani. Kung'oa kucha ni ukatili na hakuna anayekushauri hivyo.

Suli naye alipewa sheria, amezishika nusu. Asicheze na paka kwa mkono mtupu, atumie kamba. Akiparurwa aoshe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Paka asilambe kidonda. Akimshika, mikono ioshwe kabla ya kugusa macho. Kwenye nyumba yenye mtu wa kinga dhaifu, awe anaishi na virusi vya UKIMWI au anatumia dawa za saratani, sheria hizi zishikwe zote, maana kwa mtu wa namna hiyo bakteria huyu huwa mkali zaidi na huenda mbali zaidi ya mtoki.

Wazazi, na hasa bibi na babu mnaoshinda na watoto barazani: mtoto akiwa na mtoki wa upande mmoja na mparuro wa paka, mwambieni daktari habari ya paka hata kama hajauliza. Na mfunikeni jicho moja, kisha jingine, kwa kiganja chenu nyinyi, kilichobana, si chake. Mwulizeni anaona nini usoni mwenu, pua ikiwemo. Akisema ukungu, giza, au rangi imepauka, nendeni kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, msipitie kwa muuza miwani kwanza, hata kama ni mimi.

Kupima jicho moja moja mimi silipishi. Duka liko wazi asubuhi mpaka alasiri, ila Ijumaa. Mkimkuta paka wa kijivu amelala juu ya kisanduku cha fremu, hana viroboto, tulimchana Jumapili.